Chupa Mbili: Mtu Aliyepona Ugonjwa Asiokuwa Nao

Wasikilizaji wapendwa, habari za jioni huko mliko. Punguzeni moto chini ya vyungu, msogee karibu. Leo tunamkumbuka Mzee Kwamina Egyir wa hapa Saltpond, aliyefariki Jumatatu ya wiki iliyopita akiwa na miaka sabini na saba. Alikuwa mpanga herufi katika gazeti. Alikuwa mkimbiaji. Na kwa miaka hamsini na saba, mzee huyu hakukohoa mbele za watu.

Narudia, kwa aliyefungulia redio sasa hivi. Miaka hamsini na saba hakukohoa mbele za watu. Vumbi likitimka kanisani, alitoka nje. Pilipili ikikaangwa sokoni, alizunguka nyuma ya mabanda. Kikohozi kikimshika ghafla mahali pasipo na pa kukimbilia, alikibana kifuani mpaka machozi yakamtoka. Tulidhani ni maringo. Tulimwita Bwana Adabu. Mimi mwenyewe nilimcheka, na ni vizuri niliseme hilo kabla sijaendelea.

Sababu yake nimeambiwa juzi, kwenye msiba, na mpwa wake, Mama Ewurama, yule muuza mikate wa karibu na kanisa la Wamethodisti. Mzee ndiye aliyemlea. Mama huyo ndiye aliyeniomba niyaseme haya hapa, na atakayekasirika akasirike na mimi.

Tuanze mwaka 1937. Tarehe ishirini na nne Mei, Siku ya Himaya, sikukuu ya dola ya Waingereza, ndiyo ilikuwa siku ya michezo. Wazee wanaonisikiliza wanaikumbuka. Watoto wa shule wamenyooshwa mistari juani, wanaimba. Halafu mashindano. Kukimbia ndani ya gunia, kuvuta kamba, nguzo iliyopakwa mafuta yenye kitita cha vitu juu, na akina mama wa soko wakikimbia na yai kwenye kijiko huku wakisukumana viwiko bila huruma. Mwisho kabisa, maili moja. Mizunguko minne.

Kwamina alikuwa na miaka ishirini. Alikimbia peku. Mpinzani wake alikuwa koplo wa polisi aliyekuja kutoka Cape Coast na viatu vya miiba, amepaka nywele mafuta. Mzunguko wa nne, kwenye kona, Kwamina akampita yule koplo kwa nje. Aliukata utepe mdomo wazi, mikono juu. Mpiga picha akabonyeza.

Picha ile ndiyo iliyommaliza.

Kwamina alikuwa akifanya kazi kwa Bwana Jacob Dadson, mwenye gazeti la Taa ya Pwani. Lilikuwa gazeti dogo, kurasa nne, likitoka Jumamosi. Nusu ya gazeti ilikuwa habari. Nusu nyingine ilikuwa dawa. Dawa ya kikohozi, dawa ya kusafisha damu, vidonge vya figo, vidonge vya wanawake waliochoka. Ukiziondoa dawa, Taa ya Pwani ilibaki na vifo na ratiba ya meli.

Asubuhi baada ya michezo, Bwana Dadson alimwita ofisini. Pembeni alikaa Bwana Crankson, wakala wa Dawa ya Kifua ya Dokta Velbrook, anajipepea kwa kofia.

"Kwamina, ungependa picha yako itoke gazetini?"

"Nani asiyependa, Bwana?"

"Basi tia sahihi hapa."

Kwamina akasoma. "Bwana, hapa pameandikwa nilikuwa mgonjwa."

"Ni maneno ya tangazo tu. Wewe ni mpanga herufi, unajua. Nani husoma tangazo?"

Wakacheka wote watatu. Kwamina akatia sahihi. Kisha akarudi kwenye meza yake, akayapanga maneno yale kwa mikono yake mwenyewe, herufi moja baada ya nyingine. Yalisema hivi: "Kwa miaka mitatu kifua kilinibana. Sikulala. Sikuweza kufanya kazi. Nikanywa chupa mbili za Dawa ya Kifua ya Dokta Velbrook. Leo mimi ni bingwa wa maili moja. K. Egyir, Saltpond."

Wasikilizaji, Kwamina Egyir hakuwahi kuumwa kifua. Hakuwahi kuumwa kifua, na dawa yenyewe hakuwahi hata kuinusa.

Lakini alipenda. Tusimtakase kwa sababu amekufa. Mama Ewurama anasema mjomba wake alikiri hivyo kwa kinywa chake: "Nilivimba kichwa, mwanangu. Nilipita sokoni mara tatu kwa siku kununua kitu kimoja." Wasichana walimwita kwa jina jipya, Chupa Mbili. "Chupa Mbili, njoo utuponye na sisi!" Naye anacheka, anaonyesha meno yote. Mama yake, Mama Nyarkoa, ambaye hakujua kusoma hata herufi moja, alilikata lile tangazo akalibandika ukutani. Aliwaonyesha wageni. "Huyo ndiye mwanangu. Na hizo ni zile chupa."

Maana tangazo lilikuwa na fremu. Mstari mnene mweusi pande zote, na kwenye kila pembe chupa ndogo. Hata asiyejua kusoma alijua, akiona chupa nne, kwamba hiyo ni dawa ya Chupa Mbili.

Sasa nieleze kidogo kazi ya gazeti ilivyokuwa. Picha ilichongwa kwenye bati la zinki, bati likapigiliwa kwenye ubao. Waliiita bloku. Herufi ukishazitumia unazibomoa na kuzirudisha kwenye visanduku vyake. Bloku haibomolewi. Bloku inakaa rafuni, inangoja. Ukurasa ukipungukiwa habari, bloku inaingia. Mkutano wa machifu umeahirishwa? Weka Chupa Mbili. Hotuba ya mchungaji imekuwa fupi? Weka Chupa Mbili. Na mwenye kazi ya kujaza nafasi hizo alikuwa nani? Kwamina. Kila Ijumaa alijipaka wino usoni, akajitia kwenye ukurasa, akakaza skrubu.

Miezi ikapita. Watu wakaanza kuja na maswali ambayo hayakuwa mzaha. Mama mmoja alimletea mtoto mgongoni, anapumua kama mlango mbovu. "Kaka Chupa Mbili, huyu nimpe vijiko vingapi?" Kwamina akasema hajui. Yule mama akaondoka amenuna, akasema watu wakipata wanasahau walikotoka.

Mwaka uliofuata akakimbia tena. Mei 1938. Uwanja ulikuwa mkavu. Mzunguko wa tatu, vumbi likamwingia kooni. Wewe na mimi tungekohoa, tukatema, tukaendelea. Lakini Kwamina alinyanyua macho, akawaona Bwana Dadson na Bwana Crankson wamesimama penye utepe, na nyuma yao meza imejaa chupa za kuuzwa. Uwanja mzima unaimba, "Chupa Mbili! Chupa Mbili!" Akakibana kikohozi. Alikimbia mzunguko mzima kwa pumzi iliyofungwa, mishipa ya shingo imesimama. Alimaliza wa nne. Akapita utepe bila kusimama, akaenda moja kwa moja nyuma ya vyoo vya shule, akapiga magoti, na huko ndiko alikokohoa.

Mama Ewurama alimuuliza, "Mjomba, si ungekohoa tu?"

Akamjibu, "Ningekohoa na sura ya nani? Ile yangu walikuwa wameshaichukua."

Sasa, wasikilizaji wapendwa, nifike kwa Araba.

Araba Tekyiwa alikuwa dada yake Kwamina, tumbo moja, baba mmoja. Ndiye mama yake Ewurama. Kazi yake ilikuwa kukausha samaki kwa moshi. Mume wake alikuwa mpishi wa meli, na meli ilishamsahau huko ilikomsahau. Mvua za Juni zilipoanza, Araba alikuwa anakohoa. Mwanzo watu walisema ni moshi. Kisha akaanza kukonda. Kisha Kwamina akaona kitambaa chake kimefuliwa kikaanikwa mahali pa kificho, na doa halijatoka.

Na pembeni ya mkeka wake, chupa. Ya Dokta Velbrook.

Alichuchumaa mbele yake palepale uani, penye majiko ya samaki. Mama Ewurama alikuwa na miaka minne, haya aliyasikia baadaye kwa mjomba mwenyewe.

"Araba, hii dawa haifanyi kitu. Twende hospitali Cape Coast."

"Kwako ilifanya."

"Mimi sikuumwa! Yalikuwa maneno ya tangazo tu."

"Haya, sasa hukuumwa. Umekuwa bwana mkubwa, unaona haya kwamba ulikohoa kama sisi."

"Umenisikia nikikohoa lini wewe?"

"Nitakusikiaje? Miaka mitatu ulikuwa mjini Sekondi unajifunza kazi. Miaka mitatu. Si ndiyo iliyoandikwa?"

Kweli alikuwa Sekondi miaka mitatu. Hakuwa amelifikiria hilo. Akageuka kwa mama yao. "Mama, mwambie. Mimi niliwahi kuumwa kifua?"

Mama Nyarkoa akaweka ungo chini. "Kwamina, mimi nilikusikia. Ulipokuja ile Krismasi ya pili, ulikohoa hadi nikalia. Usimdanganye mwenzako."

Wasikilizaji, mama yule hakuwa anasema uongo. Alilikumbuka kabisa. Mwaka mzima ameitazama ile karatasi ukutani, na karatasi ikampa kumbukumbu.

Kwamina akamsihi dada yake. Alimsihi siku nne mfululizo. Araba alikuwa anaogopa hospitali, maana wote aliowajua walioingia kule na kifua walirudi wamebebwa. "Wewe ulikunywa ukiwa kwako, ukapona, ukakimbia. Mimi niende nikalale na wanaokufa? Kwa nini unaninyima?" Siku ya nne akasema neno ambalo mzee alilibeba mpaka wiki iliyopita. "Kama ni uongo, basi gazeti liseme ni uongo. Mdomo wako peke yake mimi nitaupeleka wapi?"

Basi gazeti litasema. Ndivyo alivyoamua.

Ijumaa, Bwana Dadson alikuwa na desturi ya kusoma kurasa zote asubuhi, kisha kwenda kula kwa shemeji yake na kusinzia huko hadi saa kumi. Kurasa zilikuwa zimefungwa tayari kwa mtambo. Kwamina alikuwa na nusu saa kabla mtambo haujaanza kuchapa. Akafungua skrubu, akaitoa bloku yake, akapanga maneno haya: "Mimi Kwamina Egyir sijawahi kuugua kifua. Dawa hii sijaionja. Anayekohoa aende hospitali." Akaingiza, akakaza.

Lakini fremu hakuitoa. Kuitoa kulitaka kuufungua ukurasa mzima, na nusu saa isingetosha. Kwa hiyo maneno yake ya kweli yakatoka ndani ya ule mstari mnene mweusi, na chupa nne kwenye pembe.

Jumamosi alitembea mjini akingoja mawe. Badala yake watu walimpungia mkono. "Chupa Mbili! Hilo jipya kali! Mnatutega, eh? Wiki ijayo ndiyo mnamalizia?" Kinyozi akamwambia, "Mimi nimeshakisia. Hujaionja kwa sababu unaimeza moja kwa moja." Kila mtu alikuwa na kisio lake. Kila mtu aliona fremu, akajua ni tangazo, na tangazo lina ujanja wake.

Akakimbia nyumbani. Akamkuta Katekista Otoo amekaa kwenye kigoda, gazeti mkononi, anawasomea mama na Araba.

"Wenye dawa hii wana akili sana," katekista anasema. "Wanasema aende hospitali. Maana yake, dawa hii ndiyo wanayotumia hospitali."

"Siyo maana yake!" Kwamina akapiga kelele. "Maana yake ni hayo hayo yaliyoandikwa!"

Araba akacheka. Alicheka mpaka akaanza kukohoa, akashika mbavu. "Kwamina, kaka yangu," akasema akiweza kusema, "hata sisi wa nyumbani unatutega?"

Jumatatu Bwana Dadson aliingia kazini na gazeti limekunjwa kama fimbo. Kwamina akasimama, akavua aproni, tayari kufukuzwa. Alitaka kufukuzwa. Kabla neno halijatoka, Bwana Crankson akaingia kwa haraka, jasho linamtiririka. Akamshika Kwamina mkono, akautikisa. Chupa zote zimekwisha, alisema, tangu Saltpond hadi Anomabo, watu wanaulizia dawa ya mtu asiyewahi kuionja. Bwana Dadson akalikunjua gazeti taratibu. Akasema, "Kwamina, kumbe una kichwa cha biashara."

Na wiki iliyofuata wakaleta maneno mapya ya kuweka juu ya ile picha yake, mdomo wazi, mikono juu. "Sasa ameionja!" Maneno mawili tu. Aliyeyapanga ni Kwamina.

Mtaniuliza, kwa nini aliyapanga? Nilimuuliza Mama Ewurama swali hilo hilo, tena kwa ukali. Aliniambia, "Dada, angekwenda wapi? Saltpond ilikuwa na mtambo mmoja. Na mimi nilikuwa natakiwa kula." Kwetu mtoto ni wa mjomba wake. Hilo halina mjadala. Araba akiondoka, Ewurama ni wa Kwamina, na chakula cha Ewurama kilitoka kwenye ile meza ya herufi.

Araba aliondoka katikati ya Agosti, mchana, akiwa kwenye chupa ya tano. Alikuwa na miaka ishirini na sita. Alipokata roho, Kwamina alikuwa kazini. Ilikuwa Ijumaa, na ukurasa wa tatu ulikuwa na nafasi.

Labda hospitali nayo isingemwokoa. Miaka ile kifua kikuu hakikuwa na dawa ya maana, daktari yeyote atawaambia. Mama Ewurama alimwambia mjomba wake hivyo ili kumtuliza. Akajibu, "Huenda. Lakini angekufa akijua ukweli."

Baada ya hapo hakukimbia tena. Alibaki kwenye mtambo ule miaka mingine ishirini na moja. Bloku iliendelea kutoka hadi zinki ikalika, sura ikawa doa jeusi lenye mdomo. Tukapata uhuru, tukabadilisha bendera, Siku ya Himaya ikafutwa, michezo ikahamia Machi, kwenye sikukuu ya uhuru. Bado kila mwaka waandaaji walimwita aanzishe mbio, na wazee wakapiga kelele, "Chupa Mbili!" Alijaribu kusema. Alimwambia mchungaji, mchungaji akasema unyenyekevu ni jambo zuri. Alimwambia mchumba wake, naye akasema, "Usijali, sikuogopi kwa kuwa ulikuwa na kifua." Hakumuoa. Mwishowe akanyamaza, akawa yule Bwana Adabu tuliyemjua, anayezunguka nyuma ya mabanda.

Mwezi uliopita kifua kilimshika kweli. Mama Ewurama alimpeleka hospitali akiwa hataki. Wodini ndiko alikomweleza yote, kuanzia mbio hadi fremu. Na unajua Mama Ewurama alifanya nini? Alicheka. Nanukuu maneno yake, ameniruhusu: "Nilimwambia, Mjomba, acha hizo, una homa. Dawa ilikusaidia, mji mzima unajua. Nililelewa na hadithi ile, dada. Nilijua mjomba alipona na mama hakupona, kwa sababu Mungu anapanga. Ile ndiyo niliyokuwa nayo."

"Nini kilikufanya umwamini?" nikamuuliza.

"Aliniomba msamaha. Mzee mzima, ananishika kiganja, analia, ananiomba msamaha. Nikafikiri, mtu haombi msamaha kwa kupona."

"Ukamsamehe?"

Tulikuwa tumekaa na nguo zetu za msiba, nyeusi na nyekundu, watu wanapita na viti.

"Nilimwambia nimekusamehe. Nilisema haraka, maana alikuwa anakwenda. Akatabasamu, akakohoa pale pale mbele ya wodi nzima, hakujificha. Alfajiri akafa. Lakini dada, nilisema kwa mdomo. Moyo wangu bado haujafika. Ninamsubiri mama yangu kwanza aniambie kama yeye amemsamehe."

Wasikilizaji wapendwa, sina cha kuongeza hapo.

Kwa Mama Ewurama, watoto na wajukuu, kwa ukoo mzima wa Egyir, na kwa wapiga chapa wote wastaafu wa Saltpond, poleni sana. Mazishi ni Jumamosi. Mzee alimwachia mpwa wake ombi moja. Alitaka maneno yake yasemwe na mtu asiye na kitu cha kuuza, ili angalau mara moja yasikike kama yalivyo. Kwa hiyo nayasema. Kwamina Egyir hakuwahi kuugua kifua alipokuwa kijana. Ile dawa hakuionja. Dada yake Araba Tekyiwa aliiamini kwa sababu yake, akafa.

Wakati huu kwa kawaida huwa tunasoma matangazo ya wadhamini. Nimewaomba mafundi, na leo hatusomi. Nitazima kipaza sauti kwa dakika moja, na redio yako itakuwa kimya, usidhani imeharibika. Katika dakika hiyo, sikiliza nyumbani kwako. Kama kuna mtu anakohoa chumba cha pili, nenda ukamwinue, umpeleke hospitali.